Upande wa Velma

Siku mbili kabla ya kupelekwa mjini kupasuliwa jicho, Velma alimwita mdogo wake Effie akamkabidhi kisu chake cha kukatia fito. Kisu hicho hakuwahi kumpa mtu. Hata marehemu bintiye, Arlene, siku moja alikichukua akakatia kamba ya mbuzi, akala makofi mawili papo hapo. Sasa Velma alikitoa kwa mikono miwili, kimefungwa kitambaa chekundu kipya, pamoja na pakiti ya tumbaku, maana hivyo ndivyo mtu anavyoombwa akamkatie mwenzake kichaka.

"Upande wangu wote, mdogo wangu," alisema. "Mpaka chini. Usiache hata kijiti."

Effie alipokea, akakibana kisu kifuani. "Kwani mimi mgeni wa kichaka, dada? We nenda katengenezwe jicho. Nitaanza na wako, ndipo nikate wangu."

Hayo ndiyo aliyosema, neno kwa neno, na mtu asije akayageuza baadaye.

Kichaka chenyewe kiko chini korongoni, mahali ambapo maji hupita mara mbili tatu kwa mwaka, halafu mchanga unabaki mkavu miezi. Majani yake yanatoka matatu matatu, na ukiyafikicha yananuka mpaka mbuzi anageuza shingo. Kikiachwa kivyake kinasongamana, matawi yanapinda na kushikana, wala hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayetafuta humo ufito wa kushonea. Lakini kikikatwa mpaka chini majani yakishapukutika, mwaka unaofuata kinatoa fito ndefu, nyoofu, zisizo na tawi hata moja. Hizo ndizo zinazomenywa ganda, zikachanwa mara tatu, ncha moja menoni na mbili vidoleni, zikashonwa vikapu. Kwa hiyo mwanamke wa kabila letu la Kipaiute anakata leo ili avune mwakani. Na sheria ni moja, haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: aliyekata ndiye mwenye fito. Mama yao alipokufa, kichaka kiligawanywa kwenye jiwe jeupe lililo katikati, upande wa juu wa Velma, upande wa chini wa Effie. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyevuka lile jiwe na kisu bila kuombwa.

Velma alikuwa na haja moja tu na fito za mwaka huo. Mjukuu wake Rowena, mtoto wa Arlene, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kinavaho, kabila la majirani zetu, aitwaye Harrison, fundi wa magari, mpole, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Kwa Wanavaho harusi haiendi bila kikapu. Uji mzito wa mahindi unawekwa humo, bwana na bibi harusi wanakula kwa vidole, na kikapu hicho kinaletwa na watu wa bibi harusi. Velma alikuwa ameshona vikapu vya namna hiyo tangu ana miaka kumi na sita. Alikuwa amewashonea mabinti wa watu mpaka akasahau majina yao. Wa damu yake hajamshonea hata mmoja, kwa sababu Arlene aliolewa mbele ya karani mjini, akafa hata cheti chenyewe hakijachakaa.

Na daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia atalisafisha, lakini asilitegemee miaka mingi. Velma aliporudi nyumbani na bandeji alishajua moyoni kwamba kikapu kikubwa kilichobaki machoni mwake ni kimoja, na kimoja hicho ni cha Rowena.

Effie alikuja kumpa pole kesho yake. Alileta sufuria ya maharage na mikate ya kukaanga, akawasha jiko, akafagia, akamwaga majivu. Kisha akatoa kile kisu. Kilikuwa kimenolewa na kupakwa mafuta.

"Kisu chako kikali, dada. Nimefyeka upande wako wote, vimebaki visiki tu."

Velma alimshika mkono akalia kwa lile jicho moja, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Effie akamwambia anyamaze, kwani amefanya nini cha ajabu, dada kwa dada.

Hapo mtu atauliza, sasa mwaka mzima Velma hakwenda hata kuchungulia? Hakwenda. Kwetu msukaji haendi kichakani tangu majani yachipuke mpaka yapukutike. Wazee wanasema ufito ukitazamwa unaona haya na kupinda. Wengine wanasema ni maneno tu ya kuwaepusha wanawake na nyoka, kwa sababu nyoka wa kule chini wanapenda kivuli. Hata hivyo Velma aliushika mwiko huo bila mzaha, na Effie alijua anaushika. Wakati wa baridi, kabla ya majani, Velma angeweza kwenda, lakini jicho lilikuwa limefungwa na njia ya kule ni ya kushuka kwa makalio mahali pengine. Akatulia. Aliyekwenda kwa niaba yake si mdogo wake?

Basi mwaka ule Effie alimpaka dada yake mafuta kwa mgongo wa chupa. Theluji ilipoyeyuka alikuja akasema visiki vya Velma vitakuwa vimekunywa vya kutosha. Mvua za Agosti zilipopiga mlango usiku kucha, asubuhi yake alipita na kahawa mkononi akasema fito za mwaka huu zitakuwa ndefu kuliko mtu. Alikula kwa Velma Jumapili zote. Alimsaidia kuchimba mizizi ya rangi nyekundu mlimani, akamsaidia kuchemsha rangi nyeusi kwa utomvu wa msonobari mpaka nyumba nzima ikanuka lami, na alipoona Velma anajaribu uzi kwenye tundu la sindano kila jioni ili kulipima jicho lake, alikaa karibu naye akamwambia anaendelea vizuri. Mimi jambo hilo la uzi ndilo linalonikera kuliko yote.

Rowena naye alikuwa akija kutoka kazini kwake, zahanati, kila mwisho wa juma. Alikaa katikati ya bibi zake wawili wanaomgombea kumpakulia chakula, akawaambia mama yake Harrison anauliza kikapu kitakuwa na rangi gani. Velma alisema asiulizwe maswali ya kitoto, kikapu cha harusi kina rangi zake. Wakacheka wote watatu. Effie alicheka sana.

Majani yalipukutika mwishoni mwa Oktoba. Velma alimwendea mdogo wake ili wateremke pamoja kama siku zote, lakini Effie alisema goti limekataa, atangulie, yeye atazifuata zake wiki nyingine. Velma hakuona ubaya. Alichukua kisu, kamba na gunia, akashuka na fimbo yake, polepole, akipapasa mawe kwa mguu kabla ya kukanyaga.

Njia inaingia kichakani kwa upande wa chini, upande wa Effie. Fito zilikuwa pale, nyekundu kahawia, zimesimama wima kutoka kwenye visiki. Velma alipitisha kiganja juu yake akafurahi kama msichana, akasema kwa sauti, "Na zangu je." Akalivuka jiwe jeupe.

Kwanza alidhani ni jicho. Alilifuta, akatazama tena. Mbele yake palikuwa na ukuta wa matawi, mazito, ya kijivu, yamepindana na kushikana, yana matawi mengine juu yake na mengine juu ya hayo. Akanyoosha mkono, maana mkono haujawahi kumdanganya. Akagusa mti mzee. Akapiga magoti akapapasa chini, kisiki kimoja baada ya kingine, akitafuta mahali palipopita kisu. Hapakuwapo. Katikati ya matawi palikuwa na kiota cha ndege cha zamani, kimejaa vumbi, na kiota cha zamani hakikai kwenye kichaka kilichofyekwa mwaka jana.

Alizunguka upande wake wote. Akatafuta sababu. Labda Effie alikata yakaota tena. Lakini mti wa kijivu haukui kwa mwaka. Labda ng'ombe waliingia; lakini ng'ombe gani anayejua mpaka wa jiwe? Alipomaliza sababu zote alikaa chini kwenye mchanga na gunia lake tupu. Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Iliuma kuliko siku aliyoambiwa Arlene amekufa, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Alipopanda kutoka korongoni alikwenda moja kwa moja kwa Effie, akamkuta uani anapasua kuni, goti zima. Effie alimwona na gunia tupu. Akaliweka shoka chini.

"Umeenda," Effie alisema.

"Nimeenda." Velma alisimama na fimbo yake. "Ulikuwa mgonjwa? Niambie uliugua, Effie. Niambie ulianguka ukaona aibu kusema. Nitakuamini."

"Sikuugua."

Kisha akaeleza, wala hakuficha kitu, na huo ukweli wa kuchelewa ulimchoma Velma kuliko uongo. Alikuwa ameteremka siku ileile aliyopewa kisu. Alikuwa ameahidi kuanza na upande wa dada yake, akaanza na wake. Alipomaliza alivuka jiwe, akainama kwenye kisiki cha kwanza, kisu kikiwa mkononi. Mkono ukagoma. Alikaa pale mpaka jua likaondoka ukutani mwa korongo, akijiambia kata, kata. Hakukata. Akapanda nyumbani, akakinoa kisu ambacho hakikukata kitu.

"Mwaka mzima," Velma alisema. "Umekula kwangu mwaka mzima. Umekaa unanitazama natunga uzi."

"Kila siku nilitaka kukwambia. Halafu majani yakatoka, nikaona basi tena, maji yameshamwagika."

"Nimekukosea nini?"

Effie alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni tusi jipya. "Yule mtoto, Rowena, nimemlea mimi, Velma. Wewe uko mjini unapika shule ya bweni, mimi niko naye hapa. Miaka minane. Surua yake mimi, meno yake mimi. Alikuwa akiniita mama. Ukaja Jumamosi na gari, ukamwambia avae viatu. Chakula nilichompakulia hakukimaliza. Hukuniuliza, hukuniaga, hukusema hata ahsante. Nikasema safari hii, siku yake kubwa, ale kwenye kitu changu."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua.

Effie akafuta mikono kwenye sketi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimwambia dada yake achukue fito zake, zote, upande wote wa chini, ashone yeye. Atamkatia mwenyewe, atamletea mpaka mlangoni.

"Hizo umezikata wewe," Velma alisema.

Akageuka akaenda zake. Wapo wanaosema alikuwa na kiburi, na kweli kiburi alikuwa nacho cha kutosha kugawia jirani. Lakini sheria alilelewa nayo, na kwa sheria hiyo angekuwa anashona kikapu cha Effie kwa mikono yake mwenyewe. Angekuwa kibarua katika harusi ya mjukuu wake.

Kwenda kwa wenye vichaka wengine ingekuwa yaleyale, fito za mtu ni za mtu. Kwa hiyo alirudi korongoni siku nne mfululizo akachokoa upande wake, akatoa vijiti vifupi vifupi vilivyojificha kati ya matawi, vya urefu wa mkono, vyenye vifundo. Akavimenya, akavichana. Vilimkatikia menoni. Alishona na vile vilivyokubali mpaka kikapu kikafika upana wa kiganja, kikaanza kukaa upande kama kofia ya mlevi. Jicho lilikuwa linamtoka machozi kutwa. Siku ya saba alikitia jikoni, akakaa akakitazama kikiungua.

Rowena alipokuja hakumwambia kitu. Angeanzaje? Angelazimika kusema Effie amefanya nini, na Rowena angeuliza kwa nini, na hapo angelazimika kusema habari ya ile Jumamosi na viatu. "Kikapu kitakuwepo," alisema. Rowena akambusu paji la uso akaondoka ameridhika.

Dada hao hawakusemeshana tena majira yote ya baridi. Moshi wa Effie ulionekana kutoka mlangoni kwa Velma kila asubuhi, na Velma alijua kabisa, kwa saa na kwa siku, kazi imefika wapi kule. Sasa anamenya. Sasa anachana. Leo atakuwa anamaliza ukingo, maana ukingo unaanzwa na kumalizwa siku moja, na moshi wa siku hiyo uliwaka mpaka jua likazama.

Harusi ilikuwa Februari, kabla kondoo hawajaanza kuzaa, nyumbani kwa Velma. Effie aliingia mapema na kikapu ndani ya gunia la unga, akakiweka mezani bila neno, akaenda kusimama jikoni kukoroga uji. Wageni walikuwa bado hawajafika. Velma alikitoa. Alikipapasa chini, katikati, akauzungusha mkono wake kwenye ukanda mwekundu ambao hakuuona vizuri, akaitafuta ile njia nyembamba inayoachwa bila rangi, ya kuelekezwa mashariki, akaufuata ukingo mpaka mahali unapomalizikia, sawasawa mbele ya njia. Mishono ilikuwa imekaa karibu karibu, imekaza. Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa muda mrefu, na hakulipata.

Wakaja watu. Mama yake Harrison alikuja na dada zake watano na mkufu wa feruzi shingoni mwa kila mmoja. Mzee wa ibada akakaa mahali pake, akanyunyiza chavua ya mahindi juu ya uji, akageuza kikapu ili njia yake itazame mlangoni. Rowena na Harrison wakanawishana mikono. Wakala, kidole kwa kidole, mashariki kwanza, kisha pande nyingine, kisha katikati. Rowena alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Velma alikuwa amekaa kwenye ngozi ya kondoo nyuma yao, na kila mjukuu wake alipochota uji alijihisi kama mtu anayetazama harusi ya watu kupitia dirishani.

Mambo ya kula ya wawili yalipokwisha, wazee wakatoa nasaha zao, ndefu, za kuchosha, kama ilivyo kawaida. Ndipo mama yake Harrison akainama juu ya kikapu, akapitisha kidole kwenye ukingo. Alikuwa ameona vikapu vingi maishani mwake, akasema, lakini mkono huu ni wa nani?

Effie alikuwa jikoni na upawa. Uso wake ulikuwa umepungua sana majira yale ya baridi.

"Wa dada yangu," Effie alisema.

Velma aliinua kichwa. Watu wakaguna kwa kusifu, na Rowena akageuka palepale alipokaa, akamshika bibi yake mikono yote miwili.

"Nilijua," Rowena alisema. "Nilipoingia tu nimeutambua mkono wako, Bibi. Hata ningefumba macho ningeutambua."

Juu ya bega la mjukuu wake Velma aliweza kumwona Effie, japo kwa ukungu. Hakuhitaji jicho. Alimjua mdogo wake tangu siku aliyozaliwa. Effie alikuwa ametoa kitu kikubwa, ametubu kwa namna aliyoiweza, na sasa alikuwa amesimama pale anasubiri. Alikuwa anaomba. Neno moja tu lilihitajika, jina lake tu, ili yule mtoto aliyempakulia chakula miaka minane ageuze kichwa amtazame. Naye Velma alikuwa nalo ulimini.

"Macho yalinisumbua, mjukuu wangu," Velma alisema. "Lakini nilijikaza."

Rowena akamkumbatia. Mama yake Harrison akasema hongera, mama, hongera. Effie aliuweka upawa juu ya jiko, akachukua koti lake msumarini akatoka, na katika zile kelele za watu kusogea wapate uji hakuna aliyeuliza anakwenda wapi. Kikapu kikazunguka kwa wageni wote. Kilipomfikia Velma akachota, akala pamoja na wenzake, mpaka uji ukaisha.